Orodha Ndani ya Valizi

Mwaka ule walimu walikuwa mu mugomo, na mimi nilichoka kuliko mwaka wowote wa masomo. Mutu anaweza kufikiri kwamba masomo yakifungwa mwanafunzi anapumzika. Huyo mutu hajaishi Kadutu, mutaa wetu wa kilimani. Asubuhi nilisimama mu mustari wa maji na bidon mbili za njano, saa nne nikazipandisha kilima, muchana nikapika, na alasiri, wakati mugongo ulikuwa unaomba ruhusa ya kulala, yaya aliniita niwe mashine.

Sisemi nilimusaidia mutu wa mashine. Mashine yenyewe ilikuwa mimi.

Yaya ni kaka yangu mukubwa, mutoto wa kwanza wa maman; mimi ni mudogo wake wa kike. Alikuwa anamaliza informatika kwenye instituti moja kule Ibanda, au tuseme alikuwa anajaribu kumaliza kwa mara ya pili. Kwa memwari yake, ile kazi ya mwisho ya masomo, wenzake walichagua vitu vya watu wenye akili: stoki ya duka, majina ya wagonjwa. Yeye akachagua kuandika kokwa. Kokwa ni programu ya ndani kabisa ya ordinateri, yaani kompyuta, ile inayozigawia programu zingine zote nafasi kabla hazijaanza kufanya kitu. Wenye kusoma wanaiita kwa Kifaransa jina la mbegu ya tunda, ndiyo sababu sisi nyumbani tulisema kokwa. Maman kila akipasua avoka alimuonyesha yaya ile mbegu, akamuuliza kama na hii pia ilihitaji miaka miwili.

Yaya hakucheka. Hakuwa na nafasi ya kukosa tena, na alijua. Profesa wa somo lile alikuwa wa Kinshasa. Alikuja kwa ndege mara moja kwa mwaka, akafundisha kwa siku kumi mambo ya miezi tisa, akasikiliza wanaotetea memwari zao, akarudi kwake. Mwaka uliotangulia alimuambia yaya kazi haijaiva. Instituti haikukubali mara ya tatu. Akianguka tena, angefuata njia ya papa, baba yetu, aliyekuwa Kamituga kuchimba dhahabu, na ambaye barua zake zilikuja kama mvua ya mwezi wa saba, katikati ya kiangazi.

Shida ilikuwa mashine. Pale instituti kulikuwa na ordinateri moja tu yenye nguvu ya kufanya aliyotaka yaya. Kila mwanafunzi wa mwisho alikuwa na saa mbili zake kwa juma, na za yaya zilikuwa Alhamisi, umeme ukipenda. Muto Ruzizi unaanguka muchana na usiku hapo chini yetu, lakini umeme wake ulitutembelea kama mugeni mwenye kiburi. Alhamisi tatu mfululizo yaya alishuka Ibanda na diskete zake kwenye mufuko wa plastiki, akakaa mbele ya ekrani nyeusi kwa saa mbili, akapanda tena. Alhamisi ya nne umeme ulikuja nusu saa. Akajaribu programu ndogo, ikaenda vizuri, akarudi akitabasamu peke yake kama mutu aliyebatizwa upya. Ile programu kubwa, ya kumuonyesha profesa, yenye kazi tatu za kufuatana, hakupata muda wa kuijaribu.

Ndipo akatengeneza mashine nyingine, ya sahani za maman.

Nitaeleza, na nitaeleza kama nilivyoelezwa mimi, nimelala chali kwenye mukeka na sitaki kusikia. Programu ni kubwa, nafasi mu mashine ni ndogo. Basi programu inakatwa kurasa, kama kaye ya shule. Kurasa zinazotumika sasa hivi zinakaa mu nafasi za mashine, zingine zinangoja kwenye diski. Sahani nane za bati la emaye zilikuwa ndizo nafasi. Mashine ya kweli ilikuwa na nyingi zaidi, lakini yaya aliifungia nane tu ili profesa aone kwa macho yake kurasa zikihama. Diski ilikuwa valizi ya papa chini ya kitanda, chumba cha nyuma. Na kulikuwa na orodha: karatasi moja yenye kusema ukurasa fulani uko sahani gani, au hauko.

Yaya analala na kaye yake, anasoma programu, anataja ukurasa. Mimi naangalia orodha. Kama uko, nasema "iko, sahani ya tano," na tunaendelea. Kama hauko, nasema "kosa," na kila kitu kinasimama. Naandika kwenye kibao mambo mawili: ukurasa gani uliitwa, na uliitwa kwa kusomwa au kwa kuandikwa. Halafu naondoa sahani moja, ile iliyoingia mbele, ya kwanza kabisa, itoke mbele, kama watu kwenye bomba la maji. Ikiwa ukurasa wa zamani uliandikwa kitu kipya, naurudisha kwanza mu valizi usipoteze habari. Naleta ule mupya, nasahihisha orodha, na yaya anarudia neno lile lile aliloachia, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Niliuliza kwa nini wanaita kosa kitu ambacho kinatokea kila dakika mbili na hakuna anayeadhibiwa. Yaya akasema si kosa la dhambi. Ni mashine inakubali kwamba haina kitu mukononi na inaenda kukitafuta. Ubaya, akasema, ni pale inapoenda kutafuta na njia ya kutafutia nayo imepotea. Wakati huo inakosea ndani ya kosa. Ikishindwa na hilo la pili, haina tena la kusema, inajizima na kuanza upya kama mutoto aliyezaliwa leo. Aliyasoma hayo mu fotokopi ya kitabu cha Kiingereza chenye kurasa zilizofifia, na kamusi juu ya goti. Nilimuambia kwamba profesa wangu wa fizika kule sekondari naye anafanya hivyo akiulizwa swali.

Maman alikuwa muuguzi hospitalini. Alirudi saa kumi na moja na miguu imevimba, akakuta sahani zake zote chini, zimeandikwa chaki moja mpaka nane, na karatasi ndani.

"Mashine yenu inakula mu sahani zangu kuliko banadamu," alisema.

Tukala bugali na vidagaa vya sambaza kutoka sufuria moja, wote watatu, majuma matano. Hakuziomba tena. Aliruka juu ya sahani na viatu mukononi, akaenda kulala.

Sasa, kati ya mukeka na valizi kulikuwa na hatua ishirini na mbili. Nilizihesabu kwa sababu nilizitembea. Mutu aliyebeba bidon mbili kutoka bomba la chini anajua hatua ishirini na mbili ni nini.

Kitu cha kwanza kabisa kilichoingia mu sahani kilikuwa orodha yenyewe. Yaya aliandika hivyo: kokwa inaamka, inaleta orodha yake, ndipo inaleta vingine. Orodha nayo ni ukurasa kama ukurasa mwingine, inakaa mu sahani ya kwanza. Kwa hiyo sahani nane zilipojaa na ukurasa wa tisa ukaitwa, iliyoingia mbele ilikuwa orodha. Sheria ni sheria. Siku ya kwanza niliichukua karatasi ile, nikaipeleka mu valizi, nikaleta ukurasa wa tisa, nikarudi kwenye mukeka. Yaya akataja ukurasa mwingine. Nikanyosha shingo kuangalia orodha, na orodha haikuwapo. Ilikuwa hatua ishirini na mbili nyuma ya mugongo wangu.

Lakini nilikumbuka. Wa sita uko sahani ya nne.

"Iko," nikasema. "Sahani ya nne."

Yaya, amefumba macho kati ya neno na neno, akapapasa kaye, akaandika alama yake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Si kwamba nilipanga. Kwanza niliona vichekesho, mashine imepoteza orodha yake na haijui. Halafu niliona ninaweza, na kujua kitu kwa kichwa ni utamu hata ukiwa umechoka. Halafu nilihesabu kwamba nikisema, yaya ataamka, atafuta alama zote, tutaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza, na mimi bado sijaosha nguo. Kila mara programu ilipoisha nilienda kuchukua orodha mu valizi, nikaijaza alama zote vizuri kama ilikuwa mbele yangu tangu mwanzo. Yaya aliandika mu kaye: jaribio limefika mwisho, bila kosa la kuua. Aliandika hivyo mara kumi na moja, na kila mara alipiga mustari chini kwa rula.

Profesa alifika Jumatatu. Alhamisi ya juma lililofuata nilishuka na yaya. Nilisema nambebea diskete, lakini kweli nilitaka kumuona mwenzangu wa kazi, ile mashine ya Ibanda. Profesa alikuwa muzee mufupi, koti lake la abakosi, la kijivu, limekwisha kwenye viwiko, miwani imefungwa kwa uzi. Naye alionekana amechoka. Alikuwa amesikiliza memwari za stoki za duka tangu saa mbili.

Umeme ulikuwapo. Yaya akaingiza diskete, mashine ikahesabu nafasi zake, kokwa ikaamka. Kwenye ekrani kurasa zilianza kuingia mu sahani, moja, mbili, tatu, kila moja na namba yake. Nilizijua zote kama majirani. Ya nane ikaingia. Ekrani ikawa nyeusi, na mashine ikaanza kuhesabu nafasi zake upya, kama mutu aliyeamshwa na kuulizwa jina lake.

Yaya akarudia. Nyeusi. Akabadilisha diskete. Nyeusi. Akasema ni umeme unapanda na kushuka. Profesa akaangalia taa juu, taa ilikuwa imetulia. Mara ya tano nilikuwa nahesabu kwa vidole nyuma ya mugongo, na kila mara ilikufa kwenye kidole kile kile, cha tisa.

Yaya akafungua kaye, akamuonyesha profesa majaribio kumi na moja. Akasema kwa Kifaransa cha adabu kwamba kwa karatasi kokwa ilifika mwisho kila mara, basi programu ni nzima, mugonjwa ni ordinateri. Profesa alisoma kurasa zote kumi na moja bila haraka. Akasema mutu hawezi kutetea memwari kwa kushitaki mashine. Jumamosi asubuhi gari lingempeleka Kavumu kupanda ndege. Akamuachia yaya saa moja kabla ya gari. Ikifika mwisho atasaini, isipofika hatasaini.

Tulipanda Kadutu. Matope yalikuwa mekundu na yenye kushika viatu. Mara tatu nilifungua kinywa, mara tatu nikasema kitu kingine. Mimi ninayeweza kumuchekesha prefe, mukubwa wa shule, akiwa amekasirika, nilizungumzia matope.

Ijumaa yaya hakugusa kaye. Maman alikuwa kazini. Nilirudi na maji nikamukuta chumba cha nyuma amevuta valizi, anatoa karatasi zetu zote, anazimwaga kitandani na kuweka mashati. Mashati mawili, suruali, blanketi. Alisema kuna lori Jumapili la kwenda Kamituga. Alisema bila hasira, kama mutu anasoma ratiba.

Nikatua bidon.

"Yaya, iyo valizi uache kwanza."

"Juu ya nini?"

"Orodha ilikuwaka mule."

"Orodha inakaaka mu sahani ya kwanza."

"Ndiyo ya kwanza kuingia. Ulisema iliyoingia mbele itoke mbele. Ikifika ukurasa ya tisa, mi natoa orodha, naweka mu valizi."

Alisimama na shati mukononi.

"Na kisha?"

"Kisha najibu kwa kichwa."

"Mara ngapi?"

"Zote."

"Kumi na moja?"

"Zote, yaya."

Nilingoja kofi. Yaya hajawahi kunipiga, lakini siku ile ningelipokea na kusema asante. Akakaa kitandani juu ya karatasi.

"Haukuona ni mubaya?"

"Niliona ni mbali," nikamuambia.

Aliangalia mulango, halafu mukeka kule sebuleni, nadhani alikuwa anahesabu hatua. Akafuta uso na lile shati. Halafu akaanza kusema polepole, na hakuwa anasema na mimi. Mashine haina kichwa cha kukumbukia. Inaandika ukurasa wa tisa juu ya orodha. Inataka kusoma ukurasa huo huo, inafungua mahali pa orodha, inakuta maneno mengine. Inapiga kelele kwamba kuna kosa, na mahali anapokaa mwenye kushughulikia makosa napo pameandikwa mu orodha hiyo hiyo. Kosa ndani ya kosa. Inajizima. Ile programu ndogo ya Alhamisi ya nne ilikuwa na kurasa sita tu, haikujaza sahani, ndiyo sababu ilipita. Yote yalikuwa wazi kama maji. Angeyaona tangu jaribio la kwanza, kama mashine yake ya sahani ingekuwa pumbavu kama mashine.

"Weye uko muerevu sana," akasema, na haikuwa sifa.

Dawa ilikuwa mustari mumoja. Sahani ya kwanza isihesabiwe kati ya zinazotoka, haidhuru ukurasa gani umeitwa. Aliuandika akiwa bado ameketi kitandani. Halafu akataka tujaribu, na safari hii alikaa macho wazi, akanikataza kukumbuka. Nilikuwa na ruhusa ya kujua tu kile kidole changu kinachogusa mu orodha. Kwa sababu sahani moja ilifungwa, zilibaki saba za kuzungusha, na makosa yakawa mengi zaidi. Niliamka, nikaenda mu valizi, nikarudi, nikaamka. Hatua ishirini na mbili za kwenda, ishirini na mbili za kurudi. Maman aliporudi tulikuwa bado kwenye kazi ya pili kati ya tatu. Alivua viatu, akatuangalia, akaenda kuwasha makala ya jiko mwenyewe. Tulifika mwisho wakati bugali imepoa.

Jumamosi tulikuwa Ibanda kabla mulinzi hajafungua. Profesa alikuja na mufuko wake wa safari. Kabla ya kugusa kitu chochote yaya alimuambia ukweli: "Majaribio kumi na moja hayakuwa majaribio. Huyu dada yangu alikuwa anajibu kwa kichwa, na mimi sikuangalia." Profesa alinitazama kwa muda kupitia miwani ya uzi. Akachukua memwari, akafungua nyuma palipobandikwa yale majaribio, akayafuta kwa mustari yote kumi na moja. Akaonyesha kiti.

Umeme ulikuwa mudogo, taa ilikuwa na rangi ya chai. Yaya akaandika ule mustari mumoja mu programu. Kokwa ikaamka. Ya saba, ya nane. Ya tisa ikaitwa. Diskete ikanguruma, ukurasa wa tisa ukaingia sahani ya pili, na orodha ikabaki mahali pake. Ya kumi. Ya kumi na moja.

Ilibaki kungoja. Kusoma kwenye diskete ni polepole kuliko mimi na valizi. Kazi ya kwanza ikaisha, ya pili ikaanza, kurasa zikatoka na kuingia, kosa, kosa, kosa, na kila mara inarudia neno lile lile na kuendelea. Yaya hakuwa amelala tangu usiku wa Alhamisi. Kidevu kikashuka kifuani. Nilinyosha mukono nimuamshe, profesa akatikisa kichwa.

Dereva akapiga honi mara mbili. Profesa hakusogea. Kazi ya tatu ilipoandika mwisho wake kwenye ekrani alitoa stilo, akaandika maneno mawili na saini kwenye ukurasa wa mbele wa memwari, akaniwekea mukononi. Alisema yaya akiamka nimuambie. Halafu akabeba mufuko wake, akaenda.

Dakika chache baadaye umeme ukakatika. Taa ilizimika, ekrani ikazimika, na ule unyamavu ndio uliomuamsha yaya. Aliangalia ekrani nyeusi.

"Imekufa," akasema.

"Umeme ndiyo ulienda. Mashine ilimaliza. Zote tatu."

"Profesa iko wapi?"

"Njia ya Kavumu. Amesaini."

"Unasema bongo."

Nikamuambia sisemi uongo. Nikasikia mwenyewe jinsi ilivyosikika. Alichukua memwari mukononi mwangu, akaenda dirishani kwenye mwanga, akaiangalia saini, akalowesha kidole kwa mate akaisugua pembeni kuona kama wino ni wa stilo yangu. Halafu akatoka uani, nikamusikia anamuuliza mulinzi, kwa heshima zote, kama muzee yule alisaini kitu kabla ya kuondoka. Mulinzi akasema ndiyo, alimuona kupitia mulango, aliandika akiwa amesimama.

Yaya akarudi. Sasa aliamini, kwa neno la mulinzi. Alikaa kwenye kiti kile kile, akalaza kichwa juu ya meza karibu na mashine, akafumba macho. Nikakaa chini na mugongo kwenye ukuta. Kadutu ilikuwa juu huko na hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kuipanda.